Viroboto wa bamia: shajara ya robo ekari, msimu wa vuli

Septemba 8. Kabla ya jembe

Leo nimenunua daftari la mistari na kuandika "Bamia" juu ya jalada. Msimu uliopita sikuandika chochote, ndiyo maana nikiulizwa miche ilianza kutobolewa lini hasa nabaki kukisia. Ninachokumbuka ni kwamba iliota vizuri, wiki moja baadaye majani yakawa kama chekeche, na karibu nusu ya mashimo yakabaki matupu.

Shamba ni robo ekari hapa Muheza, bondeni chini ya minazi ya shangazi, na maji ni ya kisima. Wadudu wenyewe ni wale weusi wadogo ambao ukinyoosha mkono tu wamesharuka. Huku kwetu tunawaita viroboto wa bamia, ingawa si viroboto wa mbwa hata kidogo. Ni mbawakavu, wadudu wenye mgongo mgumu, isipokuwa hawa wamejaliwa miguu ya kurukia.

Msimu uliopita nilikwenda duka la pembejeo, nikapewa kichupa cha dawa ya jamii ya pairethroidi na maelekezo ya mdomo: piga kila wiki. Nilipiga mara tano. Viroboto walikufa siku ile ile, na siku ya tatu wengine walikuwa wameshaingia. Walioisha na wasirudi ni buibui na wale mbawakavu wekundu wenye madoa wanaokula vidukari. Mwezi uliofuata utitiri mwekundu na nzi weupe walijaa chini ya majani kwa wingi ambao sikuwahi kuuona shambani kwangu.

Liko jambo linaloniuma kuliko hilo. Karatasi ya kichupa ilisema nisubiri siku saba kabla ya kuvuna. Bamia haisubiri siku saba. Ukiiacha siku tatu imeshakuwa ngumu kama kijiti na hakuna wa kuinunua. Nilichuma siku ya tatu, nikauza, na nyumbani tukapika mchuzi, wanangu wakala. Sitaki kurudia hilo.

Kwa hiyo sharti la mradi huu naliandika hapa nisije nikalisahau: baada ya ua la kwanza kuchanua, hakuna dawa ya sumu itakayoingia shamba hili. Kazi yote ya kuwazuia viroboto lazima iishe miche ikiwa bado midogo.

Septemba 15

Bibi shamba wa kata amepita. Ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu utuone na vita vyetu." Kulikuwa na mashina machache ya bamia za msimu uliopita ambayo nilikuwa sijayang'oa, yakiwa na machipukizi pembeni. Akainama, akafunika chipukizi moja kwa chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akalitikisa, akaziba. Ndani mlikuwa na viroboto watatu.

Tulikaa kivulini tukawatazama kwa kamera ya simu yake, ameivuta karibu kabisa. Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mtama. Kichwa na mabega vina wekundu wa udongo, mgongo una weusi unaoelekea buluu na unang'aa kama umepakwa mafuta. Paja la nyuma limevimba, huwezi kuliamini kwa mdudu wa ukubwa ule. Aliniambia ndani ya paja mna kitu kama springi: msuli unajikaza, springi inajikunja, kisha inaachia mara moja. Ndiyo maana huoni akijiandaa kuruka, unaona tu hayupo. Wa kwetu aliwataja kuwa wa kundi la Podagrica, wanaopenda bamia na jamii yake yote: choya, pamba, hata magugu ya mfagio yaliyojaa ukingoni mwa shamba langu.

Nikamuuliza wanatoka wapi, maana nilidhani wanaletwa na upepo kutoka mashamba ya mbali. Akacheka, akasema, "Mama, hawa hawatoki Korogwe. Wako hapa hapa chini ya miguu yako."

Jike hutaga mayai kwenye udongo karibu na shina. Mabuu hukaa humo humo yakila mizizi midogo, hugeuka pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu kamili) humo humo, na baada ya mwezi mmoja hivi au zaidi kidogo hutoka mbawakavu kamili mwenye njaa. Mimi miezi yote napiga dawa juu ya jani, na nusu ya ukoo iko chini haijui kama kuna kinachoendelea.

Jioni nimeng'oa mashina yote ya zamani na kuwapa mbuzi. Mume wangu amefyeka mfagio ukingoni, hatua sita kuzunguka shamba. Bibi shamba alipendekeza nipande choya mstari mmoja upande wa mashariki, itangulie bamia kwa wiki mbili na zaidi. Viroboto wakiamka wakute meza nyingine imeshaandaliwa. Nimepanda leo leo.

Oktoba 1

Nilikuwa nimebakiza jambo moja la kuamua: mbegu. Dukani kuna mbegu za kawaida na kuna zilizopakwa dawa, zina rangi ya waridi. Muuzaji alizisifia, akasema mche unaota ukiwa na kinga tayari mwilini mwake. Ni kweli, dawa za jamii ya neonikotinoidi zinafanya hivyo: mmea unazinyonya, na mdudu akitafuna jani anazila.

Nimesoma mengi usiku huu. Umoja wa Ulaya ulizibana dawa tatu za jamii hii mwaka 2013, na mwaka 2018 ukazizuia kabisa kutumika mashamba ya wazi, kwa ajili ya nyuki. Uingereza wakulima wa rapa, zao linalokamuliwa mafuta, walibaki na pairethroidi, na ndugu wa viroboto wetu anayekula zao hilo, Psylliodes chrysocephala, akawa sugu kwa pairethroidi hizo. Wengi wamepunguza rapa au wameiacha. Nawaonea huruma kwa dhati. Mtu akinyang'anywa silaha moja huku ile nyingine imekuwa butu, anabaki na nini mkononi?

Lakini mimi nina robo ekari, nina mikono minne, na mzee jirani ana mizinga yake hatua mia mbili kutoka hapa. Ua la bamia nyuki wanalijia kila asubuhi. Nimechukua mbegu za kawaida, aina ya Clemson Spineless.

Oktoba 2. Siku ya kupanda

Mbegu zimelala kwenye maji usiku mmoja. Zile zilizoelea nimezitupa. Kuloweka si jambo geni, lakini safari hii nina sababu nyingine: nataka ziote kwa pamoja na upesi, kwa sababu kila siku ambayo mche unakawia kwenye majani mawili ya kwanza ni siku ya hatari.

Shimo hadi shimo sentimita 30, mstari hadi mstari 60. Kila shimo mbegu tatu badala ya mbili. Sitapunguzia mapema. Kama viroboto wanakula, wagawane wanachokula kwa miche mingi. Samadi ya mbuzi iliyooza nimeweka kiganja kimoja kila shimo, nayo kwa sababu hiyo hiyo ya kuharakisha.

Shamba nimeligawa vipande vinne. Kimoja kitapata jivu, kimoja maji ya mwarobaini, kimoja nitakifunika kwa shashi, na kimoja sitakifanyia kitu. Shangazi amenuna kuhusu hicho cha nne, anasema namtolea mdudu sadaka. Nimemwambia, "Shangazi, bila hicho sitajua kama hivi vingine vimesaidia au ni mvua tu." Hajaridhika, ila ameniachia.

Shashi ni ghali. Nimenunua ya kutosha matuta mawili tu, nyeupe, ile ya kushonea mapazia mepesi. Nimeinamisha fito za mianzi juu ya tuta kama mbavu, nikatandaza juu yake, pembeni nimefukia na udongo pasibaki upenyo. Watu wengine hutumia vyandarua vya malaria vilivyochakaa. Mimi hapana. Vina dawa ndani yake, na chandarua nyumbani kwangu kina kazi yake.

Oktoba 7. Siku ya 5

Zimeota. Karibu mashimo yote yana angalau mche mmoja uliochomoza. Choya imefika kimo cha shubiri na tayari ina matundu, jambo lililonifurahisha sana, sikutegemea kufurahia jani lililotobolewa.

Oktoba 9. Siku ya 7

Wamefika. Nimeanza kuhesabu kwa utaratibu: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungali juu ya majani na wao bado wazito wa baridi, miche ishirini kila kipande. Natembea nikiwa nimeelekea jua ili kivuli changu kibaki nyuma. Kivuli kikiwaangukia tu, umepoteza hesabu.

Kipande kisichoguswa: viroboto 31 kwenye miche 20. Cha jivu: 12. Cha mwarobaini, nilichopulizia jana jioni: 14. Choya, kwenye mimea 20: sikuweza kumaliza, nilipofika 90 walikuwa wanarukaruka ovyo. Chini ya shashi sijafungua.

Mwarobaini niliandaa hivi. Mbegu niliziokota mwenyewe na kuzianika kivulini, nimebangua, nimetwanga kwenye kinu kilo moja ya viini, nimeloweka kwenye lita 20 za maji usiku kucha, asubuhi nimechuja kwa kipande cha kanga mara mbili. Mara ya kwanza nilichuja mara moja tu na nozeli ya bomba ikaziba katikati ya mstari. Nimeongeza kipande cha sabuni ya mche ili maji yashike kwenye jani. Napulizia jioni jua likishazama nyuma ya minazi, kwa sababu jua huiua nguvu ya mwarobaini upesi. Usitegemee kuona mizoga. Mwarobaini hauangushi mdudu pale pale, kazi yake kubwa ni kumharibia hamu ya kula.

Oktoba 10. Siku ya 8

Nimefunga mitego. Dumu za njano za mafuta ya kula, nimezipasua kuwa mapande, nimezipaka grisi niliyoomba kwa fundi baiskeli, nimezitundika kwenye vijiti kimo cha mche. Rangi ya njano inawavuta. Hadi jioni pande moja lilikuwa na viroboto 23, nzi weupe wengi, na nyuki mmoja. Yule nyuki alinisumbua moyo. Mitego nitaiondoa maua yakianza.

Oktoba 12. Siku ya 10

Mvua usiku mzima. Jivu lote limeoshwa. Nililimwaga jingine asubuhi hii hii majani yakiwa yamelowa, nikaongeza mkono kwa hasira, na saa nane mchana nikaona kosa langu: kingo za majani zimebabuka, zina rangi ya chai. Jivu likikutana na maji juu ya jani changa linaunguza. Linatakiwa lipepetwe kwenye chekeche, linyunyizwe jembamba kama unavyonyunyiza unga kwenye kibao cha chapati, na jani liwe na unyevu wa umande tu. Miche kama arobaini nimeiumiza mwenyewe.

Oktoba 13. Siku ya 11

Siku hii nitaikumbuka.

Nilifungua shashi kwa mara ya kwanza. Tuta la kulia: safi kabisa. Majani mapana, ya kijani kibichi, hayana tundu hata moja. Nilimwita mume wangu aje aone. Kisha nikafungua tuta la kushoto.

Sauti ilitangulia. Ni kama mchanga unaomwagwa juu ya karatasi. Ni viroboto waliokuwa wakiruka na kuigonga shashi kwa ndani. Majani mawili ya kwanza yalikuwa yamebaki vishipa, miche mingine imebaki vijiti. Walikula kwa raha, hawana mvua, hawana buibui, hawana kuku wa jirani. Nilihesabu hadi 60 nikaacha.

Nilikaa chini. Shashi ilikuwa haijachanika, udongo pembeni haujafunuliwa, nimezunguka mara mbili kutafuta upenyo. Mume wangu ndiye aliyeuliza: "Tuta hili msimu uliopita lilikuwa na nini?" Na jibu nilikuwa nalo mdomoni kabla hajamaliza. La kulia lilikuwa na mahindi. La kushoto lilikuwa na bamia.

Hawakuingia. Walitoka ardhini, wakakuta nimewajengea nyumba na kuwawekea chakula.

Nimempigia simu bibi shamba. Hakunilaumu. Amesema ndivyo neti zote zinavyofanya kazi: zinazuia wa nje zikiwa juu ya udongo usio na wa ndani. Juu ya udongo ulio nao, zinawafungia ndani pamoja na chakula. Alikuwa ameniambia wako chini ya miguu yangu, nami nilimsikia, lakini sikulihamisha neno hilo kutoka masikioni kwenda kwenye tuta.

Shashi ya kushoto nimeiondoa. Nimepanda upya mashimo yaliyokufa.

Oktoba 14. Siku ya 12

Nimechimba mashina matatu ya tuta la kushoto na kuyakosha udongo taratibu ndani ya beseni jeupe, wanangu wawili wakinisaidia. Buu tulilipata kwenye shina la pili: jeupe, jembamba kama uzi wa kushonea, kichwa cha kahawia, halifiki nusu sentimita. Mkubwa akauliza kama lina sumu. Hili la kwetu silijui kuwa na sumu kwa mtu. Ila niliwasimulia kwamba kule jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, watu wa jamii ya Wasan huchimba chini ya vichaka kutafuta mabuu ya ndugu wa mbali wa viroboto hawa, Diamphidia, na kupaka utomvu wake kwenye mishale ya kuwindia. Mdogo alinawa mikono mara tatu.

Oktoba 18. Siku ya 16

Jua kali siku nne mfululizo, na wao ndiyo wanachangamka. Mvua kubwa huwapunguza. Jua na udongo mkavu huwapa nguvu huku mche ukidumaa. Nimeongeza umwagiliaji, asubuhi na jioni. Simwagilii ili kumwosha mdudu. Nataka mche utoe jani jipya upesi kuliko yeye anavyotoboa la zamani.

Bibi shamba alinipa kipimo wanachotumia wakulima wa kanola, aina ya rapa, huko Kanada, ambako viroboto wa jamii hii ni tatizo la mamilioni ya ekari: jani changa likiwa limeliwa kama robo hivi, hapo ndipo mtu aanze kufikiria dawa, si kabla. Nimechora jani kwenye daftari, nikaligawa robo nne, ninalilinganisha na ninachokiona. Kisichoguswa kimepita robo, kiko karibu na theluthi. Mwarobaini uko chini ya robo. Jivu liko robo kamili, yale mababuko yangu yakiwemo. Shashi ya kulia ni sifuri.

Jirani mmoja amekuja na kichupa mkononi, akanihurumia kwa dhati, akataka kunipigia kile kipande cha nne bure. Nimemshukuru, nikamwonyesha jani la tano lililochomoza juu ya yale yaliyotobolewa. Hilo halina tundu.

Oktoba 20. Siku ya 18

Asubuhi na mapema, kabla jua halijatoka, nimeivamia choya. Nilishika beseni lenye maji ya sabuni chini ya tawi, nikalitikisa kwa pigo moja. Kwenye ubaridi wanaanguka badala ya kuruka. Mstari mzima umenichukua dakika arobaini. Walioelea kwenye beseni walikuwa safu nyeusi inayong'aa, nimewahesabu kwa kijiko: zaidi ya 400. Nitarudia kesho na keshokutwa. Kuwavutia kwenye choya kisha kuwaacha wazaliane huko ingekuwa kuwafugia shamba.

Oktoba 23. Siku ya 21

Nimepunguzia, mche mmoja kila shimo, nikibakiza ulio mnene. Miche ina majani matano hadi sita, na kuanzia hapa bamia inaweza kubeba matundu bila kujali. Hesabu ya mashimo yaliyo hai ni hii: kisichoguswa, karibu theluthi mbili. Jivu, robo tatu. Mwarobaini, kama tisa kati ya kumi. Tuta la kulia la shashi, yote. La kushoto nimepanda upya, sihesabu.

Nimeitoa shashi na kuikunja. Imetumika siku 21, nayo bado mpya.

Oktoba 31. Siku ya 29

Miche minne ina majani yenye mabaka ya njano na kijani, yamejikunja kidogo. Virusi vya mozaiki ya bamia, vinavyojulikana zaidi Afrika Magharibi, husambazwa na viroboto hawa hawa wanapotoka mche mmoja kwenda mwingine, na nzi weupe nao wana virusi vyao. Sina maabara. Nimeing'oa yote minne na kuifukia mbali. Hasara ya matundu mche unaipona. Ugonjwa wa namna hii hauponi.

Novemba 16. Siku ya 45

Ua la kwanza. Njano ya siagi, moyo wa zambarau. Nimeondoa mitego yote kabla ya saa mbili, na nyuki wawili walikuwa wameshawahi.

Viroboto bado wapo, naona hata ndani ya maua. Majani ya chini yamejaa matundu. Zamani ningekimbilia bomba. Leo nimegeuza majani matano na kukuta vidukari wachache na wale wekundu wenye madoa wakiwafanyia kazi, wengi kuliko vidukari wenyewe. Nimewaacha.

Novemba 23. Siku ya 52

Mavuno ya kwanza, kilo sita. Nimekata kwa kisu, sikuvunja, kimo cha kidole cha kati. Chache zina vikovu vidogo vya kuguguna kwenye ngozi, nimezitenga za nyumbani. Zilizobaki zimekwenda Tanga na basi la asubuhi.

Mnunuzi aliuliza, kama wanavyouliza siku hizi, nimepiga dawa lini mara ya mwisho. Nilimwambia, "Ni mwarobaini tu, na ulikwisha Oktoba." Alinitazama usoni, akazipokea. Mimi nilikuwa namwangalia machoni, jambo ambalo msimu uliopita sikuweza.

Desemba 14. Siku ya 73

Tunachuma kila siku ya pili, kati ya kilo 18 na 25. Sina la kuandika, na ukurasa huu mweupe unanipendeza.

Mtu wa Lushoto anayelima kabichi na figili alipita, akaona daftari, akataka kuliiga. Nimemtahadharisha. Viroboto wake ni wengine, wa kundi la Phyllotreta, wanaofuata harufu ya ukali ule wa kabichi na haradali. Choya haitamsaidia. Kwake mstari wa kutega ungekuwa haradali. Na kuna tofauti kubwa zaidi: mimi nauza tunda, jani likitoboka silipi kitu. Yeye anauza jani lenyewe la figili. Kwake tundu ni hasara, na shashi juu ya udongo safi ndiyo ningeanza nayo.

Januari 20. Siku ya 110

Mavuno yamepungua, mashina yamekuwa miti. Nimemaliza leo. Mashina yote yameng'olewa na mizizi yake, choya vilevile, mbuzi wamekula walichoweza na kilichobaki kimechomwa. Robo ekari hii haitaona bamia hadi mwakani, itapata mahindi na kunde. Bamia za masika zitahamia ng'ambo ya kisima, mahali palipokuwa na mihogo.

Januari 22

Kabla ya mahindi nimetaka kujua jambo moja. Nimechukua ile shashi, nikaisimika kama hema dogo juu ya udongo mtupu, mita moja kwa mita moja, pale pale kipande kisichoguswa kilipokuwa. Pembeni nimefukia. Ndani nimesimamisha pande moja la dumu la njano lenye grisi. Hema la pili nimeliweka ng'ambo ya kisima, kwenye mihogo.

Januari 26

Upande wa bamia: 4. Upande wa mihogo: hakuna.

Januari 31

Upande wa bamia: 19. Upande wa mihogo: hakuna. Shangazi amekuja mwenyewe asubuhi, ameinua pindo la shashi, ametazama ndani kwa muda mrefu. Ameomba kalamu akaandika ile 19 kwa mkono wake.